Sanda Iliyoandikwa Asante

Mkungule, Kisarawe
11 Agosti 2024

Badria,

Leo sikusalimu. Salamu ni za watu wanaopeana habari, na wewe umeamua kwamba mimi si mtu wa kupewa.

Jana kabla ya adhuhuri nilikuwa barazani nachambua choroko. Nikaona watu wanakuja kutoka upande wa Kisarawe mjini, wengi, wote fulana nyeupe, wanatembea kimya. Hakuna anayecheka, hakuna anayeongea. Katikati wanaume wanne wamebeba kitu kirefu mabegani, kimefunikwa turubai la kijani. Nyuma yao gari la wagonjwa linafuata polepole, king'ora hakilii. Wewe umekulia kijiji hiki. Ukiona hivyo unasema nini?

Basi na sisi tulisema hivyohivyo. Mzee Abubakary alikuwa juu anaezeka banda lake la mbuzi, akashuka, akavaa kofia, akakimbia kwenda kutoa bega. Wanaume wote wa hapa wakamfuata, wakapokezana, maana jeneza likipita mlangoni kwako huliachi likabebwa na wageni peke yao. Wale wageni wakawapisha huku wanatabasamu. Nilishangaa watu wanatabasamu msibani, nikasema ndiyo watu wa Dar hao.

Sisi wanawake tukatandika mikeka, tukatoa mihogo iliyokuwa jikoni na madafu. Wakala, wakanywa. Mimi nikasogea niwape pole wafiwa, na hapo ndipo nikaziona zile fulana kwa karibu. Kifuani kwa kila mmoja wao kuna uso wa Ismail. Ismail wangu, mjukuu wangu, macho yamezama, mpira umeingia puani.

Sijui nilianguka vipi. Nilipoinuliwa nikamwuliza mwanamke aliyekuwa akiwaongoza, Joyceline, jina lake limening'inia shingoni: "Mnampeleka wapi?" Akasema, "Maneromango, Bibi, jioni tutakuwa tumefika." Maneromango, Badria! Kwa kina Bushiri! Ukampeleka mtoto akazikwe kwa baba ambaye hakuwahi kumnunulia hata kidonge cha homa, na njia ya kwenda huko inapita mlangoni kwangu, na hukusema neno.

Nikaingia ndani nikafungua sanduku. Unajua kilichomo, kwa sababu bafta ile tulikwenda kuinunua pamoja Mtaa wa Kongo, kwa hela yangu ya nazi, nikaifunga na ubani na karafuu, na kila mwaka naianika. Nikaitoa sanda yangu nikamkabidhi yule mwanamke. Nikamwambia, mfunikeni nayo mjukuu wangu. Akanikumbatia, akalia, akasema hawatanisahau. Wakaondoka nayo.

Leo ni siku ya pili ya matanga. Khitma imesomwa. Watu wananipa pole, wananiuliza mtoto aliumwa nini safari hii, na mimi najua kama wanavyojua wao. Kaka yangu alipofariki aliniachia wewe ukiwa hujui hata kufunga kanga. Nimekukosea nini mimi?

Simu nimeizima. Mtu aliyemzika mjukuu wangu bila kuniambia hapigiwi simu, na yake haipokelewi. Barua hii anakuletea Abdulmalik kwenye kigari chake cha kirikuu pamoja na mihogo. Mihogo nimeituma kwa sababu nilikwisha kuahidi.

Mimi shangazi yako, kama bado nahesabiwa,
Siti

*

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
12 Agosti 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena. Kabla hujasoma mstari mwingine wowote, soma huu: Ismail ni mzima. Yupo hapa kibarazani pembeni ya cherehani yangu, amekalia robota la vitambaa, anakula mhogo wako wa kuchoma na ananiuliza kwa nini nalia. Ili usidhani nakudanganya, nampa kalamu.

*Shikamoo bibi. Mimi sijafa. Mhogo ni mtamu. Ismail.*

Umeona? Mwandiko ule hakuna malaika wala shetani anayeweza kuuiga.

Abdulmalik aliponipa barua alisema, "Pole sana dada," huku anaangalia chini. Nikadhani ananipa pole ya kazi, nikamwambia nimeshapoa. Kumbe mwenzangu kakaa matanga yangu. Nimesoma nimesimama katikati ya watu, mteja ananiambia, "Fundi, gauni langu vipi?" nami sisikii. Dada Blandina, yule Mchaga anayeuza vitambaa duka la jirani, ndiye aliyenikalisha.

Sasa nikueleze, na ukiona kalamu imetoboa karatasi ujue ni hasira. Wale si wafiwa. Wale ni kikundi kinaitwa Hatua Njema, ofisi yao ipo Upanga. Kila mwaka wanatembea kwa miguu mpaka mashambani huko, watu wanawachangia, michango inakwenda kwa watoto wenye ugonjwa wa moyo. Pale kwako walikuwa kwenye sehemu wanayoiita mwendo wa ukimya, eti wanawakumbuka watoto. Na kile walichobeba ni hema, Shangazi. Hema la kulalia. Gari wanalo, lakini wanalibeba mabegani kwa zamu ili waonje mzigo wa mzazi anayeuguza. Haya nimeyajua leo, Blandina kanionyesha kwenye simu. Ipo video. Mzee Abubakary yumo, anakimbia na hema begani, uso umekunjamana kwa majonzi. Na wewe umo, unalia, wamekuwekea muziki wa kinanda chini yake na maandishi: "Kijiji maskini chatoa kila kilicho nacho." Watu wanaweka mioyo myekundu.

Unakumbuka Ismail alipofanyiwa upasuaji miaka mitatu iliyopita? Hao hao walinisaidia dawa. Sikatai, na siku alipotoka niliwapikia pilau sufuria nzima nikawapelekea. Akiwa bado kitandani walikuja na kamera, wakaniambia picha ni ya kwenye faili. Kumbe faili lenyewe ni vifua vya watu. Sikuwahi kuulizwa. Mtoto sasa anacheza mpira mpaka ananimalizia viatu, lakini kwenye ukuta wa Mchafukoge, njia yake ya shule, lipo bango lake la mpira puani. Wenzake darasani wanamwita Marehemu. Mwezi uliopita nilimchapa kwa kupigana shuleni na hakutaka kuniambia walipigania nini. Leo ndiyo kaniambia.

Tulifundishwa tenda wema nenda zako. Hawa wametenda wema, wakakaa.

Kesho naenda Upanga. Washa simu yako basi, au kama bado una hasira, andika. Mimi nasubiri.

Mwanao,
Badria

*

Mkungule
14 Agosti 2024

Mwanangu Badria,

Marahaba, na marahaba nyingine. Mimi sijambo kwa mwili, kifua tu kinabana kidogo, nacho ni cha kulia bure. Wewe hujambo? Blandina hajambo? Mwambie namsalimu na namshukuru kwa kukukalisha. Na huyo asiyekufa mpe salamu zake peke yake.

Nilisoma ule mstari wake nikaubusu, halafu hasira ikaja. Nimelilia hema, Badria! Mimi Siti, niliyefundisha nusu ya kijiji hiki kusoma darasa la watu wazima, nimeanguka chini kwa ajili ya hema.

Nimewatangazia watu kwamba mtoto yu hai na matanga yamevunjika. Unadhani wameamini? Mzee Abubakary amesema, "Mwalimu, mimi nimebeba. Uzito wa maiti naujua." Nikamwambia ni hema. Akaniuliza tangu lini hema linafuatwa na gari la wagonjwa. Wengine wanasema unakana ili nisikulaumu. Wengine, na hawa ndio wanaoniudhi zaidi, wanasema uzee umeniingia na mwandiko wa mtoto nimeuandika mwenyewe. Jana kisimani walinyamaza nilipofika. Tumekula sadaka ya mtu aliye hai, na hakuna anayejua inarudishwaje.

Haya, hilo la watu nitalibeba. La sanda sitalibeba. Walioipokea hawakuniuliza ni nini, nami sikuwaambia, maana nani humwambia mfiwa "hii ni sanda"? Sasa sanduku langu lina harufu ya karafuu na hewa tupu. Nina umri huu, kifua kinabana, na nikiondoka leo watu watapita nyumba kwa nyumba kunichangia kitambaa. Sikuuza nazi miaka yote ile ili nichangiwe. Nenda ukanirudishie sanda yangu, kama nilivyoitoa.

Shangazi yako,
Siti

*

Mkungule
24 Agosti 2024

Badria,

Salamu nyingi, za Ismail zikiwa juu. Abdulmalik amekwenda Kariakoo na kurudi safari tatu, na kila safari anasema, "Dada amesema atakuandikia." Simu nayo ukipokea unaniambia mtandao mbaya. Mihogo unapokea, majibu hakuna. Mwanangu, mtu akinyamaza hivyo ana habari mbaya. Niandikie hata kama ni mbaya.

Shangazi yako,
Siti

*

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
27 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Umekunywa dawa? Sisi wazima, Ismail anakusalimu na anauliza kama wewe bado unamwamini kwamba yu hai.

Nisamehe kwa kunyamaza. Sanda ninayo. Ipo chini ya meza yangu ya kukatia, na kila siku nimekuwa nikiifua. Soma yote kabla hujanikasirikia.

Nilikwenda Upanga na Blandina. Tumeingia tu mapokezi, naiona ukutani. Imetandazwa nzima, imepigiliwa misumari kwenye pembe, na katikati wameandika kwa rangi ya bluu ya kupaka milango: ASANTE WANAKIJIJI. Nimeambiwa waliinyoosha Maneromango kwenye mstari wa kumalizia, wakaivuka kwa kushangilia, ndipo wakairudisha ofisini iwe kumbukumbu. Chumba kizima kinanuka ubani na karafuu.

Joyceline mwenyewe akatoka. Si mtu mbaya wa sura, anaongea taratibu. Nikamwambia kile ni nini. Akaweka mkono mdomoni. "Jamani, mama, bibi alikuwa analia, maneno hayakusikika, sisi tulijua ni zawadi. Kitambaa tu."

Blandina hakunipa nafasi ya kujibu. "Dada, pua unayo? Bibi kizee analia, anakupa bafta nyeupe imefungwa fundo, ndani kuna ubani, wewe ukadhani anakupa pazia? Mimi Mkatoliki wa Rombo nimejua toka mlangoni!"

Nikauliza habari ya picha. Nikamwambia huyu mtoto alishapona, ninyi wenyewe mlikula pilau yake. Kwa nini bado mnamtembeza anakufa? Akanijibu kwa upole, kama ananifundisha: "Mwaka juzi tulijaribu kuweka picha yake akiwa amepona, anacheka. Watu hawakuchanga, mama. Ile ya kwanza ndiyo inagusa."

"Kwa hiyo mwanangu kupona kwake ni hasara yenu?"

Akasema, "Usilichukulie hivyo. Wewe pia tulikusaidia. Fikiria watoto wengine."

Hapo ndipo pabaya, Shangazi. Maana nawafikiria. Najua kuna mama amekaa pale wodini sasa hivi kama nilivyokaa mimi, na dawa zake zinatoka kwenye fulana hizo. Nilijikuta nakubaliana naye, na nilichukia hilo kuliko nilivyomchukia yeye. Lakini nilipoangalia ukutani nikakuona wewe unafungua sanduku. Nikavua viatu, nikapanda juu ya kiti chao cha ngozi, nikang'oa msumari mmoja mmoja. Mlinzi alikuja, Blandina akamwambia, "Kaka, ukimgusa nalala hapa hapa chini na leo hamfungi ofisi." Hakunigusa.

Kuhusu picha, Joyceline alisema ataitisha kikao. Fulana za mwakani zimeshachapwa, akasema.

Tangu siku hiyo nafua. Nimetumia sabuni ya mche, ndimu na mafuta ya taa, na nyingine niliyopewa na fundi rangi. Ile bluu imefifia lakini haitoki, na maandishi yanasomeka. Karafuu imetoka yote. Nilikuwa nangoja itakate ndipo nikuandikie, na leo nimekubali haitatakata.

Nimeshaongea na Blandina. Anayo bafta nzuri kuliko ile, atanipa, na nitakuletea nyingine kesho yake tu ukisema ndiyo. Nisamehe. Uliniambia irudi kama ulivyoitoa, nami nimeshindwa.

Mwanao,
Badria

*

Mkungule
1 Septemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kimeachia. Nadhani kilikuwa kinasubiri barua yako.

Nimeisoma barazani kwa sauti, na Mzee Abubakary akisikiliza. Ulipofika kwenye kiti na misumari alipiga paja lake kwa furaha. Kwenye yale maandishi alivua kofia.

Nilikasirika, usidhani vingine. Nimekasirika siku mbili nzima, nimemwaga hata uji. Kitambaa cha kufungiwa maiti, watu wanakivuka mbio wanapiga vigelegele! Hivi walipoingia kijijini kwetu, wale wote, hakuna hata mmoja aliyeshuka kwenye wema wake akauliza, "Bibi, unalia nini?" Neno moja tu lile lingetosha. Wametoka Dar kwa miguu kuja kuona watu, wakatupita.

Sasa nisikilize. Hiyo bafta ya Blandina usininunulie. Hata ile ya kwanza sitaki irudi sandukuni. Niliitoa kwa mkono wangu nikasema ni ya mjukuu wangu, na nilichotoa nimetoa. Ni ya Ismail. Kosa ni kwamba nilidhani anaihitaji kwa kulala, kumbe anaihitaji kwa kutembea.

Wewe ni fundi. Ikate. Maandishi yapo katikati, pembeni pote ni safi, mtoto wa miaka tisa anapata kanzu na inabaki. Mshonee kanzu ndefu, na nakshi shingoni kama za baba yako. Hicho kipande cha katikati chenye asante zao, fanya dekio.

Halafu likizo fupi ya mwezi huu niletee mtoto. Nataka hao wa kisimani wamwone kwa macho yao, kwa barabara ileile.

Shangazi yako,
Siti

*

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
6 Septemba 2024

Shikamoo Shangazi,

Natumaini barua hii fupi inakukuta salama. Ninaandika kwenye bodi ya kirikuu na Abdulmalik anapiga honi. Siwezi kuja mwenyewe, nimebanwa na sare za wanafunzi, lakini mtoto ndiye huyo. Kanzu ipo kwenye mfuko wa kaki. Nimemwambia aivae akishuka, asiichafue na mafuta ya gari. Nilipoikata nilisema bismillahi mara mbili. Imemkaa vizuri mno.

Jingine, bango la Mchafukoge limeondolewa. Kikao cha Joyceline hakikuitishwa, ila Blandina alichukua picha ya Joyceline kwenye ukurasa wao, akaenda kwa wachapa fulana wa Mtaa wa Swahili, akachapa fulana moja, uso wake mzima, chini kumeandikwa "Tumkumbuke". Akamtumia ofisini na ujumbe kwamba mwisho wa mwezi wauza vitambaa wa Mtaa wa Kongo watatembea kimya mpaka Upanga, wote wamevaa hiyo. Joyceline alinipigia analia. "Mama, nani amewapa ruhusa ya kutumia sura yangu? Mama yangu ana presha, akiiona je?" Nikamwambia, "Sasa tumeanza kuelewana." Kesho yake bango halikuwepo, na video wameifuta. Ameniomba nipige picha mpya ya Ismail. Nimemwambia amwulize Ismail mwenyewe. Ismail amesema atafikiria.

Mwanao,
Badria

*

Mkungule
12 Septemba 2024

Mwanangu mpenzi Badria,

Nakusalimu kwa moyo mweupe, na salamu za kijiji kizima zipo ndani ya hizi, wakiwemo wale waliokuwa hawaniamini. Sote wazima, na aliyekuwa marehemu ndiye mzima kuliko wote. Barua hii anakuletea mwenyewe.

Wewe hukuwepo, basi nikueleze. Abdulmalik alimshusha pale njia panda ya juu, kama nilivyomwagiza, siyo mlangoni. Ismail akavaa kanzu nyuma ya gari, akaanza kuteremka barabara peke yake. Jua kali, kanzu inang'aa mpaka inaumiza macho. Kisimani wanawake wakasimama na ndoo zao. Mmoja akaita jina la Mungu, mwingine akakimbia kabisa, na mtoto, kwa adabu uliyomfundisha, akawa anamwamkia kila mmoja: "Shikamoo. Shikamoo." Maiti haiamkii watu. Nilisikia vigelegele kabla sijamwona.

Mzee Abubakary alikuwa palepale kwenye banda lake. Akashuka, akavaa kofia, akaja polepole. Akamshika mtoto usoni, akampapasa mikono kama mnunuzi wa mbuzi. Akaniambia, "Mwalimu, nilikosea. Lile lilikuwa jepesi." Halafu akachuchumaa mbele ya Ismail akamwambia, "Panda. Bega langu nililitoa kwa ajili yako, likaenda kwa hema. Sikubali."

Nikamwambia mzee utavunjika. Hakunisikia. Akainuka naye, magoti yanalia, kanzu inapepea usoni kwake, na wanaume wakatoka majumbani wakaja kupokezana, bega kwa bega, kwa barabara ileile, kutoka banda la mbuzi mpaka barazani kwangu. Safari hii walipiga kelele, Badria. Walipiga kelele mpaka kuku wakaingia porini. Mimi nililia tena, na nilikuwa najua ninachokililia.

Wenye fulana wakija mwakani tutawapa mihogo, maana mgeni ni mgeni. Lakini tumekubaliana wote hapa kwamba hapiti mtu kimya. Watasimama, watasalimu, watauliza habari zetu, na sisi tutawauliza nani amekufa.

Jioni Ismail alifungua sanduku langu akakuta tupu. Akajiangalia ile kanzu, akafikiri, akaniuliza, "Sasa Bibi, wewe siku ile utavaa nini?" Nikamwambia mwaka huu nazi zimezaa, nitanunua nyingine polepole, sina haraka. Nikamwuliza, na wewe? Akasema na yeye hana.

Shangazi yako,
Siti